Aliyefuta Majani ya Ngitili

Ramani ilipotandazwa juu ya meza ya ofisi ya kijiji cha Mwabusanza, Jumanne asubuhi, mwezi wa tisa mwaka 2003, Nyanjige ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba majani hayapo.

"Mwenyekiti, hebu igeuze. Labda tumeiweka kichwa chini."

Mayige, mwenyekiti wa kijiji, aliigeuza. Majani hayakuwepo vilevile.

Katika ramani ya kwanza, ile iliyopitishwa na mkutano mzima, eneo la ngitili lilikuwa limejazwa vijani vidogo vidogo, vitatu vitatu, kama nyasi zinazochipua. Ngitili ndiyo akiba ya malisho. Hufungwa tangu masika, ng'ombe wasiiguse, ili kiangazi kikikaza wapate cha kutafuna. Siku ile ya mkutano hata wazee wasiojua kusoma waliviwekea vidole vijani vile wakacheka, wakasema hapa ndama wetu watapona. Sasa pale pale palikuwa na mistari myembamba iliyolala upande, kama mvua ya upepo. Pembeni ya ramani, kwenye ufunguo wake, mistari ya namna hiyo iliandikiwa maneno: Eneo la Uwekezaji.

"Uwekezaji wa nani?" Mayige aliuliza, ingawa alijua.

Tangu juzi watu wa kampuni moja ya kuchambua pamba walikuwa wakichimbia nguzo ndani ya ngitili. Ilikuwa ni miaka ile ambayo soko la pamba limeachiwa huria, kila kampuni inatafuta mahali pa kuweka mitambo yake. Wachungaji walipouliza, waliambiwa nendeni mkasome ramani yenu. Ndipo ikatolewa kabatini, ikiwa bado imeviringishwa na kufungwa mpira, kama ilivyoletwa kutoka mjini. Lakini mhuri wa kijiji ulikuwa tayari umegongwa.

"Uligonga mhuri bila kuifungua?" Nyanjige alimuuliza.

"Mama Doto, nilifungua kona. Waliniambia ni ileile."

"Kona haina ng'ombe, mwenyekiti."

Wajumbe wawili walicheka, kisha wakaona haya kucheka. Nyanjige hakuendelea. Yeye naye alikuwa na lake moyoni. Ni yeye aliyesimama mkutanoni akasema kazi ya kuchora wapewe ofisi ya bwana Ngeleja kule Somanda, mjini Bariadi, kwa kuwa mwanawe Doto aliwahi kufanya kazi pale na anaifahamu. Alisema kwa sauti kubwa: "Mwanangu kasomea kuchora kwa kompyuta Mwanza. Hatutaibiwa." Watu wakapiga makofi. Mjane wa darasa la saba, mtoto wake anachora dunia kwenye kioo. Nani asingepiga makofi?

Mchana walifika kwa ofisa ardhi. Aliitazama ramani, akautazama mhuri.

"Huu ni mhuri wenu. Ijumaa kampuni inakabidhiwa eneo. Mkinionyesha kwamba ramani imechezewa, na nani kaichezea, nasimamisha leo leo. Vinginevyo mimi nitaanzia wapi?"

Kesi ikaandikishwa polisi, akapewa Sajenti Machibya, mtu mfupi, mpole wa kauli, mwenye tabia ya kurudia jibu lako taratibu mpaka wewe mwenyewe ulitilie shaka. Kijiji kikamchagua Nyanjige afuatane naye, kwa kuwa anaijua ngitili kwa miguu.

Ofisini kwa Ngeleja walimkuta Felisita, karani. Mwenye ofisi alikuwa safarini.

"Nani anagusa kompyuta hii?" Machibya aliuliza.

"Mimi nachapa na kuprinti. Mzee Joakim ndiye mchoraji."

"Wewe unachapa na kuprinti. Ramani hii uliprinti wewe?"

"Niliprinti mimi. Nilifungua faili la Mwabusanza nikalituma kwenye mashine. Afande, mimi sijui kama ngitili ni majani au mistari. Nilitazama kama wino umetosha."

"Funguo za ofisi?"

"Ninazo mimi, na mzee Joakim anazo."

"Hakuna mwingine anayeingia?"

"Wateja. Na fundi, kompyuta ikigoma." Felisita akamgeukia Nyanjige, akatabasamu. "Si huyu mtoto wa mama! Doto akiigusa tu, inatii. Alikuwa hapa hata wiki ile kabla sijaprinti."

Nyanjige alisikia raha ikimpanda kifuani, katikati ya msiba ule. Hapa ndipo wazazi wengi tunapoponzwa. Tukisikia mtoto anajua, tunafurahi. Hatuulizi ujuzi wake anamtumikia nani.

Joakim aliingia akinuka pombe ya jana. Alikuwa mchoraji wa zamani, wa kalamu na rula, aliyejifunza kompyuta uzeeni kwa kuogopa kuachishwa kazi. Machibya alimweka kitini.

"Unamfahamu Selestini, wakala wa kampuni ya pamba?"

"Namfahamu. Bariadi nzima inamfahamu."

"Umeonekana ukinywa naye baa, si mara moja."

"Nimekunywa bia yake, afande. Sijanywa ngitili ya watu."

"Mlizungumza nini?"

"Aliniuliza kama ramani inaweza kurekebishwa. Nikamwambia inaweza, kijiji kikiomba kwa barua. Akaniagizia nyingine. Nikanywa."

"Ukanywa. Na baada ya hapo?"

Joakim akakuna kidevu. "Baada ya hapo sikumbuki vizuri."

"Si huyo hapo!" Nyanjige alishindwa kujizuia. "Afande, unatafuta nini tena? Mlevi huyu! Kampuni imemlewesha, naye akatuuzia malisho ya kijiji kizima. Mkamate!"

Joakim alimtazama bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Mama Doto, mwanao alipokuja hapa, kabla ya kwenda Mwanza, alikuwa hajui hata kushika kipanya, ni mimi niliyemshika mkono."

"Usimtaje mwanangu kwa mdomo huo."

Machibya alimchukua Joakim. Mtaani watu walisimama kutazama mzee akipelekwa polisi, na Nyanjige akatembea nyuma yake kichwa juu, akiwaeleza waliouliza: ndiye huyo, ndiye huyo.

Lakini sajenti hakuwa ameridhika. Jumatano asubuhi alisema anataka kuelewa jambo lenyewe linafanyikaje, asije akaenda kuchekwa mahakamani. Nyanjige ndiye aliyempeleka kwa Doto. Kijana alikuwa na duka lake dogo karibu na soko, la kutoa kopi na kuchapa, na kompyuta moja iliyokuwa ikikohoa kama mzee.

"Mayu, mama yangu, karibu. Afande, shikamoo." Aliwapangusia viti, akawaagizia soda.

"Doto," mama yake alisema, "mwonyeshe afande majani yanavyogeuka kuwa mistari."

Alionekana kufurahi kuonyesha. Alichora kisanduku kwenye kioo. "Haya yanayojaza eneo tunayaita hachi. Kila hachi ina maana yake. Hii ni nyasi, hii ni tofali, hii ni zege. Sasa tazama." Alibofya mara mbili, karatasi ndogo ikafunguka kwenye kioo. "Nachagua jina jingine hapa. Hapa naweka ukubwa, mistari iachane zaidi au kidogo. Hapa nageuza pembe, ilale. Nakubali. Basi." Majani yakatoweka, mistari ikalala mahali pake. "Ule mpaka wa nje haujaguswa hata kidogo. Kilichobadilika ni kilichomo ndani tu."

"Kilichomo ndani tu," Machibya alirudia. "Na haiachi alama?"

"Haiachi, afande."

Nyanjige alikunjua ramani juu ya mashine ya kopi. Kuna kitu kilikuwa kinamkera tangu jana.

"Na haka katundu je? Katikati ya mistari. Keupe, kama punje ya mtama. Kwenye ramani ya kwanza sikukaona."

Doto aliinama.

"Hiyo ni kompyuta yenyewe, mayu. Ikijaza eneo kubwa, kuna mahali inaruka." Akaiviringisha ramani, akampa sajenti, si mama yake. "Mzee Joakim naye macho yake ndiyo hivyo. Pombe."

"Nilikwambia, afande," Nyanjige alisema.

Soda ya Doto ilibaki mezani haijafunguliwa.

Alhamisi asubuhi Machibya alimtoa Joakim mahabusu aandike maelezo yake, na Nyanjige alikuwepo kama shahidi wa kijiji. Mzee alikuwa amelala na nguo zilezile. Mkono ulimtetemeka kwa kukosa pombe, ila macho yalikuwa safi. Sajenti akamwonyesha katundu.

"Fundi mwenzako anasema kompyuta iliruka."

Joakim alicheka mpaka akakohoa. "Kompyuta iruke? Hiyo hairuki, afande. Tunaoruka ni sisi. Nipelekeni ofisini. Mimi nisiguse kitu, mmsimamie Felisita abofye."

Walikwenda. Felisita akafungua faili, mzee akiwa amesimama nyuma yake na askari ubavuni.

"Sogea pale kwenye kona ya korongo. Karibu zaidi. Zaidi. Haya, bofya ukingoni mwa hilo tundu, usibofye mistari."

Felisita alibofya. Ukingo wa katundu ukawaka vinukta vinukta, peke yake. Lilikuwa duara kamili, mviringo kama sahani.

"Mnaona?" Joakim alisema. "Mtu alichora duara kwanza. Kisha akaiambia hachi izunguke, isiingie humu. Mwizi wa kubadili majani kuwa mistari anabofya mara mbili anaondoka. Huyu alikaa. Alikuwa na sababu ya kukaa."

"Sababu gani? Kuna kisima pale? Kuna jiwe la mpaka?"

"Nimepima pale kwa miguu yangu. Ni nyasi tu, na kichuguu juu kidogo."

Machibya akamgeukia Nyanjige. "Mama, wewe ni mwenyeji. Kuna nini pale?"

Chini ya kichuguu, korongo linapokunja.

Nyanjige alishika ukingo wa meza ya Felisita. Alikuwa amezaa mapacha mwaka ule wa mvua nyingi, na wa kwanza kutoka, Kulwa, hakufika kuota jino. Mama mkwe wake alimkataza kulia. Alisema ukimlilia pacha aliyekwenda, unamwita aliyebaki amfuate. Walimzika wanawake wawili tu, yeye na mkwe, ndani ya ngitili ambako jembe haliji, bila jiwe, bila mti, nyasi zikaachwa zifunike. Mkwe alishakufa. Kati ya walio hai, Nyanjige alimwonyesha mtu mmoja tu. Ilikuwa siku anaondoka kwenda Mwanza kusoma. Alimshika mkono akamwambia: ng'wana wane, mwanangu, hapa amelala mwenzio. Hapa hupiti juu. Unazunguka.

"Mama?" sajenti alisema.

"Sijui, afande."

Joakim alimtazama. Nyanjige akatazama sakafu.

"Hujui," Machibya alirudia, taratibu.

Walimrudisha mzee mahabusu. Nyanjige akabaki amekaa kwenye ngazi ya ofisi ile, jua la saa nne likimpiga, na akili yake ikampigia hesabu ambayo hakuiomba. Ofisa ardhi alichotaka ni mtu wa kumtaja. Mtu yupo, yuko ndani tayari. Kesho ngitili itarudi, ng'ombe watakula, mwenyekiti atanusurika, duka la Doto litafunguliwa kama kawaida. Hakuna atakayeuliza. Atakayepotea ni mlevi mmoja, tena aliyetajwa na yeye, mbele za watu, kwa kidole hiki.

Alikitazama kile kidole. Halafu akainuka.

Dukani mlikuwa na mteja, mwalimu aliyekuja kutoa kopi za mtihani. Nyanjige alisubiri mlangoni mpaka akatoka, kisha akavuta mlango.

"Mayu, mbona unafunga? Joto."

"Umemzunguka mwenzio."

Doto alikuwa ameshika rundo la karatasi. Aliliweka chini polepole, akalinyoosha kingo kama vile kuna mtu atalikagua.

"Sijakuelewa."

"Usinifanye mjinga, Doto. Mjinga nimeshakuwa tangu juzi. Lile duara. Kompyuta iliruka, eh? Ikarukia kwa Kulwa?"

Kijana akakaa. Nje watu walikuwa wanapita na baiskeli, mtu anapigia kelele nyanya zake.

"Nilishindwa kupitisha mistari juu yake," alisema mwisho. "Nilibofya, ikajaa. Nikatazama pale. Nikarudi nikachora duara. Nilijua ni upuuzi. Nilifikiri kampuni wakiona peupe wataparuka, hawatachimba."

"Kampuni! Ile inajua Kulwa ni nani? Unawajua wewe?"

"Selestini alikwenda kwanza kwa mzee Joakim, mzee akawa anakunywa tu hafanyi. Akaja kwangu. Alisema michoro ya kampuni yote, maghala, mitambo, kila wilaya, itapita kwangu. Watanipa mashine mpya na ile kubwa ya kuprinti ramani." Alionyesha duka kwa mkono. "Mayu, niliosoma nao Mwanza wana ofisi. Mimi natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Ukipita na wenzako unawaambia huyu ndiye Doto, anachora kwa kompyuta. Nachora nini? Unajua nilivyokuwa nikisikia aibu ukisema vile?"

"Kwa hiyo aibu yako umeifunika kwa ngitili ya watu."

"Ni majani, mayu. Siku hizi kila kitu kinauzwa. Wakubwa wanauza viwanda. Mimi nimegeuza majani kwenye kioo."

"Ng'ombe hawali kioo. Nimepita pale jana. Ng'ombe wa mama Esteria wamesimama nje ya nguzo wanatazama nyasi." Akaelekeza mkono mlangoni. "Na mzee Joakim? Naye ni majani? Ulimwona anapitishwa hapa mlangoni kwako, ukatuagizia soda."

Doto akafunika uso. "Ni wewe uliyemtaja, mayu. Mimi sikumtaja. Nilinyamaza tu."

Neno lile lilimwingia Nyanjige mahali pake hasa, kwa sababu lilikuwa kweli. Na asubuhi ile yeye naye alinyamaza, ofisini kwa Ngeleja, mbele ya mzee huyohuyo. Mtoto alikuwa amefanana naye.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi. Vaa viatu."

"Mama, subiri mpaka Ijumaa ipite. Eneo litarudi hata hivyo. Mzee atapewa onyo tu, kwa umri wake. Mimi ni kifungo, mama. Ni kughushi."

"Vaa viatu, Doto. Nikisubiri mpaka kesho sitaweza. Najijua."

Walitembea mchana kweupe kupitia sokoni, mama mbele, mtoto nyuma. Watu walimsalimia, "Mama Doto, mwadila! Mmemkamata yule mlevi?" Alijibu salamu, swali hakulijibu.

Kituoni Machibya aliwasikiliza bila kukatiza, akarudia mara moja tu: "Duara ni kaburi la pacha wake." Kisha akaandika. Akamtuma askari gesti kwa Selestini, ambaye walimkuta anafunga begi. Kabla ofisi hazijafungwa, ofisa ardhi alikuwa ameandika barua ya kusimamisha makabidhiano, na Felisita akaagizwa alirudishe faili kama lilivyokuwa.

Joakim alitolewa saa kumi. Alisimama kwenye baraza la kituo, suruali ameishika kwa mkono kwa kuwa mkanda wake bado unatafutwa, akikunja macho kwa jua. Uwanjani walikuwapo watu wa Mwabusanza waliokuja kusikia habari, Mayige mmoja wao.

Nyanjige alimwendea akapiga magoti mavumbini, kama mkwe anavyomsalimia baba wa nyumba.

"Mwadila, baba."

Mzee alimtazama pale chini.

"Inuka, mama Doto," alisema. "Watu watadhani mimi ndiye niliyekukosea."

"Niliwaambia ni wewe. Njia nzima."

"Nilikusikia. Nilikuwa mbele yako." Akafunga kifungo cha shati, akakosea tundu, akafungua akafunga tena. "Yule kijana alikuwa na mkono mzuri. Kumwambia asiniibie faili sikukumbuka. Nilidhani nyumbani ameambiwa."

Hakumwinua. Alimpita pembeni, akashuka ngazi, akaenda zake akiwa ameshikilia suruali. Watu wakampisha njia.

Nyanjige alibaki pale chini. Mayige alisogea kidogo, kama anayetaka kusema neno, akaishia kukohoa. Wanawake wa kijijini kwake walitazamana. Hakuna aliyejua amwite nani. Jina alilokuwa anaitwa siku zote, lile alilolipenda kuliko lake la ubatizo, hakuna aliyethubutu kulitamka.

Ndipo askari wa zamu akatoa kichwa dirishani na karatasi mkononi.

"Mama wa mtuhumiwa! Mama wa mtuhumiwa yuko wapi, aje aweke sahihi!"

Watu wote wakamtazama.

"Nipo," aliitika, akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akaingia ndani.